Jirani, Sasa Unasikiliza Muziki Gani?

Watu wa Mwea wana desturi njema ya kuulizana habari. Wakutanapo ukingoni mwa mfereji, au mbele ya duka pale Wang'uru, au katika gari liendalo Kerugoya, huulizana: maji ni zamu ya nani, miche imeshika namna gani baada ya kupandikizwa, pishori inanunuliwa kwa bei gani, ndege wameingia mashambani au bado. Maswali hayo ni ya maana, kwa kuwa kila apataye jibu hurudi kwake na maarifa zaidi kuliko aliyotoka nayo asubuhi. Lakini liko swali moja ambalo husikika kwa nadra sana, nalo ni hili: "Siku hizi unasikiliza muziki gani, na umekupendeza kwa sababu gani?"

Labda msomaji atasema kwamba swali hilo ni la watu wasio na kazi. La, sivyo. Mtu huweza kuwa na muziki wa dunia nzima mfukoni mwake na bado asiujue. Utangazaji wa redio ulipoanza Nairobi mwaka wa 1928, ulikuwa kwa ajili ya Wazungu wachache wenye mashine za kupokelea. Leo mkulima aketiye juu ya tuta la jaruba, akilinda mpunga wake usiliwe na ndege, aweza kufungua simu yake na kusikia okestra ya Berlin au ya London. Mlango umefunguliwa, lakini wengi hupita nje yake, kwa sababu hakuna mtu aliyewashika mkono na kuwaambia, "Ingia hapa, ukae kidogo, usikilize jambo hili."

Muziki unaozungumzwa hapa ni ule uitwao klasiki, yaani kazi zilizotungwa kwa uangalifu mkubwa, ambazo watu wa vizazi vingi wamezipima na kuona kwamba hazichakai. Baadhi ya watu hufikiri kuwa huo ni muziki wa Wazungu peke yao, au wa matajiri wa Nairobi. Lakini wafikirio hivyo wamesahau walichoimba wenyewe kanisani. Ni kwaya ngapi katika miji ya Nyeri, Karatina, Kerugoya na Embu ambazo hazijapata kuimba "Haleluya" wakati wa Krismasi au Pasaka? Wimbo huo ni sehemu ya kazi iitwayo Messiah, iliyotungwa na George Frideric Handel. Kadhalika wanafunzi wa Kenya wamekuwa wakishindana katika tamasha la muziki la nchi hii, lililoanzishwa mwaka wa 1927, na humo nyimbo za watungaji wa Ulaya zimeimbwa pamoja na nyimbo za makabila ya Kenya. Basi muziki huu si mgeni ambaye yuko njiani kuja. Amekwisha kufika siku nyingi, ila wenyeji hawajamwuliza habari za kwao.

Yafaa kwanza kujua alifikaje. Katika mji wa Norwich, Uingereza, alikuwako mwanamke aitwaye Sarah Ann Glover, aliyefundisha watoto kuimba. Yeye alibuni njia ya kuandika sauti kwa herufi, badala ya zile alama zenye vichwa na mikia ziandikwazo juu ya mistari mitano. Mwaka wa 1841 mchungaji kijana, John Curwen, alitakiwa kutafuta njia nyepesi ya kuwafundisha watu uimbaji. Aliichukua njia ya Bibi Glover, akaitengeneza zaidi, akaieneza kwa jina la Tonik Solfa. Ndiyo hii do, re, mi ijulikanayo na kila mwimbaji wa kwaya. Faida yake kubwa ilikuwa urahisi. Herufi zake zilichapwa kwa chapa za kawaida, kama zile za kuchapia gazeti, kwa hiyo kitabu cha solfa kilipatikana kwa bei ndogo. Tena mtu hakuhitaji kinanda ili ajifunze, maana koo lake lilitosha.

Wamisheni walipokuja Afrika walichukua solfa pamoja na Biblia. Kwa njia hiyo kazi ya Handel, iliyotungwa kwa waimbaji na wapigaji wa London na Dublin, iliweza kuimbwa katika kanisa la mabati chini ya Mlima Kenya, na watu ambao hawajapata kuona fidla. Na Waafrika hawakuishia kuimba vya wengine. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya karibu na Johannesburg, alitunga mwaka wa 1897 wimbo ambao sauti yake sasa ni sauti ya wimbo wa taifa wa Tanzania. Yeye naye aliandika kwa solfa. Karatasi ya herufi chache, ikitoka mkono huu kwenda mkono ule, iliweza kuvuka nchi nyingi.

Sasa msomaji aliyeimba "Haleluya" na aipate habari ya wimbo wenyewe, maana wengi huimba bila kuijua. Handel alizaliwa Halle, Ujerumani, mwaka wa 1685, akahamia London. Mwaka wa 1741 rafiki yake, Charles Jennens, alikuwa amemkusanyia maneno kutoka katika Biblia. Handel alianza kuyatungia muziki tarehe 22 Agosti, na tarehe 14 Septemba kazi yote ilikuwa imekwisha, kazi ambayo kuiimba yote huchukua zaidi ya saa mbili. Iliimbwa mara ya kwanza mbele ya watu mjini Dublin, tarehe 13 Aprili 1742. Watu waliotaka kuingia walikuwa wengi mno kuliko nafasi, hata mabibi waliombwa wasivae magauni yenye duara kubwa za kutanulia, na mabwana waliombwa waache panga zao nyumbani, ili ukumbi upate kuchukua wengi zaidi.

Fedha zilizopatikana siku ile ziligawanywa katika mafungu matatu. Mafungu mawili yalikwenda kwa hospitali mbili za mji huo, na fungu la tatu likatumiwa kuwasaidia watu waliofungwa kwa sababu ya madeni. Inasimuliwa kwamba wafungwa 142 walilipiwa madeni yao, wakarudi nyumbani kwao. Basi "Haleluya", ambayo leo huimbwa kwa mavazi meupe na watu wenye uhuru wao, mara ya kwanza ilipoimbwa mbele ya watu iliwafungulia wengine mlango wa gereza.

Wakaaji wa Mwea wana sababu yao wenyewe ya kuitafakari habari hiyo. Kazi ya kuchimba mifereji na kusawazisha mashamba ya mpunga ilianzwa katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, kwa mikono ya watu waliokuwa wamewekwa kizuizini. Majina ya Thiba, Gathigiriri na Kandongu yalikuwa majina ya kambi kabla hayajajulikana kwa mchele. Katika miaka hiyo watu wengi waliimba nyimbo za ardhi na uhuru kwa sauti zilizotoka katika vitabu vya nyimbo vya misheni. Sauti ilikuwa ya kanisani, lakini maneno yalikuwa yao. Hapo ndipo yaonekana kwamba muziki haumwulizi mtu ametoka upande gani wa ua. Mtu akiusikia na kuushika, ni wake, naye aweza kuutumia kwa haja yake.

Baada ya habari ya wimbo, huja kazi ya masikio. "Haleluya" huchukua muda wa dakika nne hivi, nao una mambo manne ambayo msikilizaji aweza kuyafuata hata kama hajui solfa. La kwanza, sauti zote nne huanza pamoja kwa neno moja, kama watu wanaoinua mzigo kwa mkupuo mmoja. La pili, hufika mahali ambapo muziki hutulia, kisha ukapanda tena ghafula. La tatu, sauti nzito za wanaume huanza mstari peke yao, na kabla hawajamaliza wanaume wa sauti nyembamba huupokea, kisha wanawake wa sauti ya chini, kisha wa sauti ya juu, kama watu waliosimama safu wakipokezana miche kutoka kitaluni hadi jarubani. La nne, wanawake wa sauti ya juu hushika sauti moja ndefu na kuipandisha ngazi kwa ngazi, na wengine wakiwajibu kutoka chini. Mwishoni wote hunyamaza kimya kabisa, kisha ndipo wafungapo wimbo. Jambo moja zaidi: wengi hudhani kwamba "Haleluya" ndiyo mwisho wa Messiah. Sivyo. Ni mwisho wa sehemu ya pili, na sehemu ya tatu bado iko mbele.

Mtu aliyekwisha kulifuata jambo hili mara tatu au nne hataliimba tena kama zamani. Na akimwonyesha mwenzake mahali pale penye kimya, hao wawili wamekuwa na kitu chao cha pamoja, ambacho hakikugharimu hata senti moja.

Kwa mkulima ambaye si mwimbaji, iko kazi nyingine imfaayo zaidi. Antonio Vivaldi, padri wa Venice huko Italia, aliyefundisha muziki katika nyumba ya wasichana yatima, alichapisha mwaka wa 1725 kazi nne za fidla zinazoitwa Majira Manne. Kila moja yaeleza majira yake, na kila moja iliandamana na shairi lenye kueleza yaliyomo. Katika ile ya kiangazi cha Ulaya, muziki huanza kwa ulegevu, kama watu na mifugo waliochoshwa na jua. Ndege huimba, upepo huvuma kidogo, na mchungaji huogopa dhoruba ijayo. Kisha dhoruba hushuka kweli, na mvua ya mawe ikavunja masuke ya nafaka shambani. Kazi yote ni ya dakika kumi hivi. Mwenye kulima mpunga hahitaji mwalimu wa kumweleza maana ya dakika tatu za mwisho. Amekwisha kusimama mlangoni kwake mara nyingi akitazama wingu, akihesabu siku zilizosalia kabla ya kuvuna.

Mathalani, karani mmoja wa Wang'uru amkute mkulima jirani yake jioni, naye amesikia kazi hiyo kwa mara ya kwanza. Mazungumzo yao yangeweza kuwa hivi:

"Mzee, habari za shamba?"

"Njema, mwanangu. Ndege tu ndio wanaotusumbua. Na wewe, mbona una vitu masikioni?"

"Nasikiliza muziki wa Mtaliano mmoja wa zamani. Ameeleza dhoruba inayoharibu mazao."

"Ameieleza kwa maneno?"

"La, mzee, kwa fidla peke yake. Hebu sikiliza. Kwanza utasikia mbu na nzi wakizunguka, kisha radi mbali, kisha utaona mwenyewe."

Mzee asikilize mpaka mwisho, avitoe masikioni, akae kidogo, aseme, "Mtu huyu alikuwa na shamba." Karani amjibu kwamba alikuwa padri, hakuwa na shamba. Naye mzee aseme, "Basi alikaa karibu na mwenye shamba, akamsikiliza."

Neno hilo la mzee lina maana kubwa. Lakini liangaliwe pia alilolifanya karani. Hakumwambia mzee kwamba muziki huo ni mzuri, wala kwamba watu wenye elimu huupenda. Alimtajia mtungaji, akamwambia muziki unasimulia nini, akamwonyesha mahali pa kutega sikio. Hayo yatosha. Asemaye tu, "Huu ni muziki wa hali ya juu," amemfungia mwenzake mlango, kwa kuwa amemfanya aone haya kusema kwamba hakuuelewa.

Na isidhaniwe kwamba kazi kubwa hujilinda zenyewe. Johann Sebastian Bach alizaliwa mwaka ule ule aliozaliwa Handel, yaani 1685, katika mji wa Eisenach, Ujerumani. Leo wengi humhesabu kuwa mkuu wa watungaji wote. Kati ya kazi zake iko moja inayosimulia mateso ya Kristo kama yalivyoandikwa na Mathayo, aliyoiimbisha kanisani Leipzig. Bach alifariki mwaka wa 1750, na kwa muda mrefu kazi hiyo haikusikika mbele ya watu nje ya Leipzig. Nakala zake zilibaki kwa watu wachache tu. Mmoja wao, bibi aitwaye Bella Salomon wa Berlin, alimpa nakala mjukuu wake aliyekuwa bado kijana mdogo, Felix Mendelssohn. Kijana huyo akaisoma, akaipenda, akawafundisha rafiki zake, na tarehe 11 Machi 1829, akiwa na umri wa miaka 20, akaiongoza mbele ya watu mjini Berlin. Tangu siku hiyo Bach akarudi duniani. Fundi mkubwa kama huyo aliokolewa na nini? Aliokolewa na bibi aliyempa mjukuu wake kitu, na mjukuu aliyewaambia rafiki zake.

Hapo ndipo habari hii inapogeuka na kuwa ya nyumbani. Maana nchi ya Mlima Kenya ilikuwa na muziki wake wa klasiki, nao jina lake ni gicandi. Gicandi ni kibuyu chenye mbegu ndani, kilichopambwa kwa kauri na kuchorwa alama nyingi juu yake. Mwimbaji alikitikisa huku akiimba shairi refu la mafumbo, na zile alama zilimsaidia kukumbuka beti zake. Waimbaji wawili walipokutana mbele ya watu, mmoja alitoa fumbo na mwingine akalifumbua, kisha naye akatoa lake. Aliyeshindwa alinyang'anywa kibuyu chake. Huo haukuwa muziki wa kuchezea tu. Ulitaka miaka ya kujifunza, kumbukumbu kubwa, ulimi mwepesi na wasikilizaji wenye kujua kupima. Mtu akitaka kujua neno "klasiki" lina maana gani, asiende mbali. Hayo ndiyo maana yake.

Je, wako vijana wangapi wa Mwea wawezao kuimba hata ubeti mmoja wa gicandi? Wako wangapi waliopata kukiona kibuyu chenyewe? Mashairi hayo yaliandikwa kitabuni na Padri Vittorio Merlo Pick wa shirika la Consolata, na kitabu chake kikatoka mwaka wa 1973. Profesa Kimani Njogu ameyachunguza kwa kina katika kazi zake za elimu. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika riwaya yake ya Kikuyu iliyotolewa mwaka wa 1980, alimfanya mwimba gicandi kuwa msimulizi, na mmoja wa watu wa riwaya hiyo ni mwanamuziki aliyesoma ng'ambo, atamaniye kutunga kazi kubwa kwa sauti za watu wengi na ala za kienyeji za Kenya. Ni jambo la heshima kwamba gicandi imo vitabuni. Lakini kitu kilichomo kitabuni tu, kisichoimbwa wala kuulizwa, ni kama mbegu iliyowekwa ghalani mwaka baada ya mwaka bila kupandwa.

Kwa nini Handel ameshika mizizi Mwea na gicandi ikanyauka? Si kwa sababu moja ni bora kuliko nyingine. Sababu moja ni kwamba shule na makanisa ya zamani yaliziona nyingi za nyimbo na ngoma za wenyeji kuwa mambo ya kishenzi, na kijana aliyetaka kusoma alifundishwa kuzionea haya. Sababu nyingine ni namna ya kupokezana. Solfa ilikuwa wazi kwa kila mtu, na kiongozi wa kwaya alifurahi kuwagawia wengi nyimbo alizozijua. Alama za kibuyu ziliwatumikia wachache waliofundishwa na fundi, na fundi alipofariki bila mwanafunzi, beti zake zilizikwa pamoja naye. Muziki wa kwanza uligawanywa kila Jumapili. Wa pili uliachwa bila mtu wa kuuliza.

Pia isidhaniwe kwamba mtu ni lazima achague mmoja na kuuacha wa pili. Mwaka wa 1958, katika mji wa Kamina huko Kongo, kwaya ya vijana iliyoongozwa na Padri Guido Haazen iliimba Misa yenye maneno ya Kilatini kwa sauti na mapigo ya nchi yao, ikajulikana kwa jina la Missa Luba. Baadaye kwaya ya Kenya, Muungano, ikiongozwa na Boniface Mganga, nayo iliirekodi. Wimbo wa taifa wa Kenya, uliotengenezwa mwaka wa 1963 na kamati ya watu watano, akina Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, ulichukua sauti yake katika wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto. Sauti ya mama mmoja wa Tana sasa hupigwa na bendi na okestra, na watu wote husimama.

Huko Nairobi, ambako shule kubwa ya muziki ilianzishwa mwaka wa 1944 na okestra ya mji mwaka wa 1947, muziki wa namna hii kwa miaka mingi ulikuwa hasa wa Wazungu. Lakini mwaka wa 2008 Elizabeth Njoroge alianzisha kazi ya kufundisha watoto wa Korogocho, karibu na jaa kubwa la taka la Dandora, kupiga fidla, tarumbeta na ala nyingine. Kazi hiyo yaitwa Ghetto Classics. Watoto ambao nyumbani kwao hakukuwa na ala yoyote wamepata kucheza Bach na Beethoven mbele ya wageni wakubwa. Walianza kwa sababu mtu fulani aliwaletea alichokipenda yeye mwenyewe.

Basi wasomaji wa mashambani na wa maofisini waweza kufanya nini? Mambo ni machache na hayana gharama.

La kwanza, kila mtu ajiwekee kazi moja ya kusikiliza kwa juma, asichukue kumi. Aisikilize mara tatu: mara ya kwanza bila kufikiri sana, mara ya pili akifuata sauti moja tu, kwa mfano ya chini, na mara ya tatu akiwa ameketi kimya bila kazi nyingine mkononi.

La pili, aandike katika daftari jina la kazi, jina la mtungaji, mwaka, na neno moja au mawili kuhusu mahali palipomgusa. Mwenye daftari la shamba aweza kutumia kurasa za nyuma. Baada ya mwaka mmoja atashangaa kwa utajiri wake.

La tatu, amwambie mtu mmoja. Amwambie mke au mume, au mtoto aliyetoka shule, au mwenzake wa zamu ya maji. Amwonyeshe mahali, amwachie naye aseme alivyosikia, asimkosoe. Kisha amwulize, "Na wewe, unasikiliza nini?" Jibu likiwa ni mwomboko, au benga, au nyimbo za injili, alipokee kwa heshima, maana swali la kweli ni lile liulizwalo na mtu aliye tayari kusikia jibu.

La nne ndilo kubwa kuliko yote, nalo halina nafasi ya kuahirishwa. Viongozi wa kwaya, walimu na vijana wenye simu waende kwa wazee wa miaka themanini na tisini waliobaki Mwea, Ndia, Gichugu na Mathira, wawaulize walisikiliza nini walipokuwa vijana: nani aliimba gicandi sokoni, nani alipiga wandindi, ile fidla ya uzi mmoja, na watu walipimaje aliyeshinda. Sauti ya mzee irekodiwe, kwa ruhusa yake, pamoja na jina lake, mahali na tarehe, na nakala ziwe mbili au tatu katika nyumba mbalimbali. Kwaya ikipata sauti moja na maneno yake, iiandike kwa solfa, iifundishe siku ya mazoezi, kabla au baada ya "Haleluya".

Mzee anayejua ubeti mmoja hatauleta ofisini mwenyewe, wala hatautangaza redioni. Anangoja kuulizwa. Msimu wa kuvuna ukiisha na kazi zikipungua, patakuwa na jioni nyingi za kukaa naye, kama bado yuko.